Neno Mwendo na Historia ya Elimu ya Mwendo Mnyoofu

Husemwa mara kwa mara, tena na watu wasiokitakia Kiswahili mabaya, kwamba lugha hii haina maneno ya kutosha kueleza hata sura ya kwanza ya kitabu cha fizikia, ile inayohusu mwendo wa kitu katika mstari mnyoofu. Hoja hii hujengwa kwa mfano mmoja. Kiingereza, husemwa, kina neno la wepesi wa kitu bila kujali kinaelekea wapi, kina neno jingine la wepesi huo pamoja na mwelekeo wake, na kina neno la tatu la kuongezeka kwa wepesi. Mswahili ana mwendo, na mwendo ni kila kitu. Kutokana na hayo huhitimishwa kwamba dhana zenyewe ni ngeni kwa lugha, na kwamba mwanafunzi hana budi kuzipata kwa Kiingereza au asizipate kabisa. Makala haya yanakusudia kuipima hoja hiyo kwa historia ya dhana zenyewe, yaani kwa kuuliza zilitoka wapi, zilichukua muda gani kupatikana, na lugha zilizozizaa zilikuwa na maneno gani siku zile.

Ni kweli kwamba neno mwendo limebebeshwa mzigo mzito. Mzizi wake ni ule wa kitenzi enda, na katika matumizi ya kila siku lina maana zisizopungua nne. Msafiri akisema kwamba kutoka mji huu hadi ule ni mwendo wa siku mbili, anataja umbali, ingawa kipimo anachokitumia ni cha wakati. Abiria akimsihi dereva apunguze mwendo, anataja wepesi. Bibi arusi akisifiwa mwendo, ni namna anavyotembea. Na mtu akizungumzia mwendo wa mwezi angani, ni kule kwenda kwenyewe. Hata hivyo wasemaji hawapotezani. Kanuni za usafiri za Kenya za mwaka 2003 zilipoyalazimisha magari ya abiria kufungwa chombo cha kuyazuia yasipite kilomita 80 kwa saa, chombo hicho kiliitwa kidhibiti mwendo, na hapana abiria aliyedhani kwamba kazi yake ni kudhibiti umbali. Muktadha hutenganisha maana. Lakini sayansi hairidhiki na muktadha; inataka maana zitenganishwe na maelezo yaliyotamkwa wazi, na hapo ndipo penye kazi.

Kazi hiyo Wagiriki waliianza bila ya kuimaliza. Aristotle, katika karne ya 4 K.K., alikuwa na neno kinesis, ambalo kwake lilikuwa pana kuliko mwendo wa Kiswahili: jani likigeuka manjano ni kinesis, mtoto akikua ni kinesis, na jiwe likianguka ni kinesis vilevile. Ama kuhusu wepesi, alieleza kwamba kilicho chepesi zaidi ni kile kinachopita umbali mkubwa zaidi katika muda uleule, au umbali uleule katika muda mdogo zaidi. Maelezo hayo ni sahihi, na yanamtosha mtu anayelinganisha wakimbiaji wawili. Lakini yanalinganisha tu. Hayataji wepesi kuwa ni kiasi chenye hesabu yake. Aristotle hakuwa na namna ya kusema kwamba jiwe lina wepesi wa kadha wa kadha, wala hakuihitaji.

Sababu ya jambo hili yafaa ieleweke, maana huzungumzwa kwa nadra. Katika hesabu za Wagiriki, kama zilivyopangwa katika kitabu cha tano cha Euclid, uwiano ulikubalika baina ya vitu vya jinsi moja tu: urefu kwa urefu, muda kwa muda. Kugawa urefu kwa muda kulikuwa sawa na kugawa ng'ombe kwa huzuni. Kauli ya kilomita 60 kwa saa, ambayo leo mtoto wa shule huitamka bila ya kusita, isingepita mbele ya mwanahesabu wa Aleksandria. Na kizuizi hicho hakikuwa cha msamiati. Kigiriki kilikuwa na neno la wepesi, na neno la umbali, na neno la wakati. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuyaunganisha.

Kutoka kwa Wagiriki elimu hii iliingia katika Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 9 na mwanzoni mwa karne ya 10, Ishaq ibn Hunayn wa Baghdad aliitafsiri Fizikia ya Aristotle, na kinesis ikapata neno lake la Kiarabu, yaani haraka. Msomaji wa Kiswahili hulitambua neno hilo mara moja, na huenda akashangaa. Kwa Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, haraka ilikuwa mabadiliko yoyote yanayotoka hali moja kwenda hali nyingine, ya polepole na ya upesi pia. Kobe alikuwa na haraka, na ukuaji wa mti ulikuwa haraka. Neno hilohilo lilipofika pwani ya Afrika Mashariki likapunguzwa likabaki na sehemu moja tu ya maana yake, ile ya upesi, tena upesi wenye pupa ambao methali zinauonya. Ile maana pana ilikimbilia katika harakati, na huko nako imekuwa ya siasa kuliko ya falsafa. Ndugu zake walisafiri salama zaidi. Masafa, wakati, saa na dakika yamebaki karibu na maana zao za asili, ingawa masafa yamekwisha kuajiriwa na watangazaji wa redio kwa kazi nyingine. Kwa hiyo Kiswahili, muda mrefu kabla ya kuwapo shule yoyote ya serikali, kilikuwa kimebeba sehemu kubwa ya samani za elimu hii. Kilichokuwa hakijafanyika ni kuzipanga chumbani.

Wanafalsafa wa Kiarabu hawakuwa wapokezi tu. Abu'l-Barakat al-Baghdadi, katika karne ya 12, alieleza kuongezeka kwa wepesi wa kitu kinachoanguka kwa kusema kwamba uzito hukiongezea kila mara mwelekeo mpya wa kushuka juu ya ule uliokwisha kuwamo. Fikra hiyo ya kuongeza juu ya kilichopo iko karibu sana na ile ya sasa. Karne hiyohiyo Gerard wa Cremona, akiwa Toledo, alikuwa akivitafsiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini, na neno haraka likageuka motus. Kwa njia hiyo Ulaya ya magharibi ilipata mwendo wa Wagiriki kwa mkono wa tatu.

Hatua kubwa ilipigwa Oxford, katika chuo cha Merton, baina ya mwaka 1325 na 1350 hivi. Thomas Bradwardine, William Heytesbury, Richard Swineshead na John Dumbleton hawakuwa watu wa majaribio. Hawakuangusha mawe wala kupima miteremko. Walikuwa wanamantiki, na kazi yao ilikuwa kubishana juu ya maneno. Hili laweza kuwapa moyo wataalamu wa lugha. Walijiuliza: ikiwa kitu kinabadilisha wepesi wake mfululizo, kuna maana gani kusema kwamba kina wepesi fulani katika nukta hii ya wakati? Katika nukta moja kitu hakipiti umbali wowote, na nukta yenyewe haina urefu. Kugawa utupu kwa utupu hakuleti jibu. Heytesbury, katika kitabu chake cha mwaka 1335, alilijibu swali hilo kwa hila ya sarufi. Wepesi wa kitu katika nukta ya wakati, alieleza, hupimwa kwa umbali ambao kitu hicho kingeupita lau kingeendelea kwa muda fulani na kiwango kilekile cha wepesi kilicho nacho katika nukta hiyo.

Yafaa kusita kidogo hapa. Maelezo ya Heytesbury hayataji jambo lililotokea wala litakalotokea. Yanataja jambo ambalo lingetokea. Kilatini kiliyaeleza kwa hali tegemezi ya kitenzi, ambayo wanafunzi wengi wa Kilatini huiogopa. Kiswahili kinayaeleza kwa -nge-, kiungo ambacho mtoto wa miaka mitano huko Lamu au Machakos hukitumia pasipo kufundishwa. Dhana ambayo pengine ndiyo ngumu kuliko zote katika elimu ya mwendo mnyoofu, ile ya kasi ya papo hapo, imeegemea silabi moja ambayo lugha hii inayo tangu kale. Basi mwalimu aliye na -nge- mkononi hana haki ya kulalamika kwamba lugha imemwacha.

Watu wa Merton walitoa pia kanuni ambayo hata leo hufunza hesabu ya mwendo. Kitu kinachoanza kutoka kwenye utulivu na kuongeza wepesi wake kwa usawa hupita umbali uleule ambao kingeupita kama kingekwenda muda wote kwa nusu ya wepesi wake wa mwisho. Chukua nazi inayodondoka kutoka mnazi wenye kimo cha mita 20, na upinzani wa hewa uachwe kando. Kasi yake huongezeka kwa takriban mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde moja, hivyo baada ya sekunde 2 ina kasi ya mita 20 kwa sekunde; nusu yake ni 10, na 10 mara 2 ni zile mita 20 za mnazi. Kasi hiyo ya mwisho ni sawa na kilomita 72 kwa saa, na ndiyo maana busara ya kutolala chini ya minazi haihitaji Kilatini.

Mjini Paris, yapata mwaka 1350, Nicole Oresme aliigeuza kanuni hiyo kuwa picha. Alichora mstari wa mlalo kuwakilisha wakati, akasimamisha juu yake mistari wima kuwakilisha wepesi katika kila nukta, na akaonyesha kwamba eneo la umbo linalopatikana ndilo umbali uliopitwa. Wepesi unaokua kwa usawa hutoa pembetatu, wepesi usiobadilika hutoa mstatili, na pembetatu ina eneo sawa na mstatili wenye nusu ya kimo chake. Mtu huyuhuyu, kwa amri ya mfalme Charles V, alivitafsiri vitabu kadhaa vya Aristotle kwa Kifaransa, lugha ambayo wasomi wa zama zile waliiona kuwa ya sokoni na isiyofaa kwa falsafa. Alipokosa neno aliliunda kutoka Kilatini au alilipa neno la kawaida kazi mpya, na maneno yake mengi yangali hai katika Kifaransa. Ni ajabu kwamba historia za sayansi humsifu kwa pembetatu na kuisahau kazi hii ya pili, ilhali akili iliyozifanya ni moja.

Hata hivyo hadi hapo hapakuwa na mtu aliyekuwa ameihusisha kanuni ya Merton na jiwe halisi linaloanguka, mpaka Domingo de Soto, Mhispania, alipofanya hivyo kwa maneno mwaka 1551. Kuithibitisha kwa vipimo kuliachiwa Galileo, na safari yake ilikuwa na upotevu wenye mafunzo. Tarehe 16 Oktoba 1604, akiwa mwalimu huko Padua, alimwandikia rafiki yake Paolo Sarpi kwamba kitu kinachoanguka huongeza wepesi kwa kadiri ya umbali kilioutoka. Hilo ni kosa. Wepesi huongezeka kwa kadiri ya muda, si kwa kadiri ya umbali. Na laiti ungekuwa kwa kadiri ya umbali, kitu kilichotulia kisingeanza kwenda kamwe, kwa kuwa umbali wake wa mwanzo ni sufuri na wepesi wake ungebaki sufuri daima. Mtu mwenye akili kama yake alikosea vipi? Jibu laweza kuonekana hata katika Kiswahili. Sentensi isemayo kwamba jiwe huongeza kasi kadiri linavyoendelea kuanguka inakubaliwa na kila msikilizaji, lakini haisemi kama kinachohesabiwa ni mita au ni sekunde. Neno kadiri limeficha uchaguzi ambao msemaji hajui kwamba anaufanya. Kiitaliano nacho kiliuficha vivyo hivyo, na Galileo baadaye, katika kitabu chake chenyewe, alimfanya mmoja wa wasemaji wake akiri kwamba mtungaji alidumu kwa muda katika udanganyifu huo.

Kilichomtoa humo ni mteremko. Alieleza kwamba alichukua boriti yenye urefu wa dhiraa 12, akachonga mfereji mnyoofu juu yake, akautandika ngozi laini, na kuteremsha humo tufe la shaba nyeusi lililosuguliwa vizuri. Saa za kumfaa hazikuwapo. Aliuacha mchirizi mwembamba wa maji utiririke kutoka chombo kikubwa hadi kikombe wakati tufe linaposhuka, kisha akayapima maji kwa mizani. Uzito wa maji ndio uliokuwa muda. Alirudia jambo hilo, kwa maelezo yake, mara 100, na akaona daima kwamba umbali hukua kama mraba wa muda. Kwa miaka mingi wanahistoria, wakiongozwa na Alexandre Koyré, walishuku kwamba majaribio haya yalifanyika kichwani tu. Mwaka 1961 Thomas Settle aliyarudia kwa vifaa vya aina ileile, na yakafaulu. Kisha Stillman Drake akaonyesha, katika miaka ya 1970, karatasi za Galileo zilizohifadhiwa Florence ambazo hazikuwa zimechapishwa. Katika mojawapo kuna safu ya tarakimu: 33, 130, 298, 526, 824, 1192, 1620, 2104. Kando yake zimeandikwa 1, 4, 9, 16, 25, 36, 49, 64. Zidisha 33 kwa kila moja ya hizo na utaona jinsi vipimo vilivyoikaribia kanuni. Vilivyoikosa kidogo ndivyo vinavyothibitisha kwamba viliondolewa kwenye ubao na si kwenye mawazo. Drake alidhani kwamba Galileo, aliyekuwa mwana wa mpiga kinanda cha nyuzi, alipima vipindi sawa vya muda kwa sikio la mwanamuziki, na dhana hiyo inavutia hata kama haithibitiki kikamilifu.

Kitabu kilichokusanya haya kilichapwa Leiden mwaka 1638, mtungaji akiwa kipofu na akiwa amefungiwa nyumbani kwake kwa hukumu ya mwaka 1633. Mpangilio wake wa lugha unastahili kuangaliwa na kila anayeandika kwa Kiswahili. Ufafanuzi na kanuni viko katika Kilatini, lakini watu watatu wanaovijadili, kuvipinga na kuvifafanua huzungumza Kiitaliano. Lugha ya wasomi ilipewa matamko. Lugha ya watu ilipewa fikra. Na ufafanuzi wa kwanza kabisa, ule wa mwendo usiobadilika, unategemea neno moja dogo. Wazee walikuwa wamesema kwamba mwendo sawa ni ule ambao vipindi sawa vya muda hupita umbali sawa. Galileo akasema kwamba yafaa kuongeza: vipindi vyovyote. Gari laweza kupita kilomita 60 katika kila saa na bado likawa lilisimama nusu saa na kukimbia nusu saa. Ni pale tu vipindi vyovyote vilivyo sawa, hata viwe vidogo namna gani, vinapopita umbali sawa, ndipo mwendo unapokuwa sawa kweli. Katika Kiswahili tofauti hiyo ni ile ya vipindi vyote na vipindi vyovyote. Wanasarufi huieleza kwa o-rejeshi. Galileo aliijengea sayansi.

Hata yeye hakuandika kwamba kasi ni umbali uliogawanywa kwa muda. Ile katazo ya Euclid ilimfunga, na kanuni zake zote ni za uwiano: umbali huu kwa umbali ule ni kama mraba wa muda huu kwa mraba wa muda ule. Fungo lilifunguliwa na Pierre Varignon mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris kuanzia mwaka 1698, alipozitumia alama za Leibniz na kuiandika kasi kuwa badiliko dogo mno la umbali juu ya badiliko dogo mno la muda. Tangu Aristotle mpaka hapo ilikuwa imepita miaka 2000 na zaidi.

Ama ile tofauti ya maneno mawili ambayo Kiswahili hulaumiwa kwa kutokuwa nayo, umri wake ni mdogo. Newton hakuwa nayo katika Kilatini chake cha mwaka 1687. Ilikuja baada ya Hamilton wa Dublin kuanza kuzungumzia vekta katika miaka ya 1840, na waandishi wa Kiingereza waliizoea mwishoni mwa karne ya 19, kwa kuyagawia kazi maneno mawili waliyokuwa wakiyatumia kwa maana moja. Mfaransa anasema vitesse kwa yote mawili. Mjerumani anasema Geschwindigkeit. Mwitaliano anasema velocità. Hakuna aliyewaambia kwamba lugha zao hazifai kwa fizikia. Katika mstari mnyoofu, isitoshe, haja ya neno la pili ni ndogo mno, kwa sababu mielekeo ni miwili tu, mbele na nyuma, na alama ya chanya au hasi inatosha kuitaja. Basi kasi, au mwendokasi kama waandishi wengi wa sayansi walivyopendelea, linaweza kubeba yote mawili pasipo aibu. Neno hilo la pili limekwisha kuteremka kutoka vitabuni hadi barabarani, tangu mabasi ya Dar es Salaam yalipoanza kuitwa kwa jina hilo mwaka 2016, na hatima hiyo si mbaya kwa istilahi.

Ugumu wa kweli uko kwingine, katika neno mchapuko, ambalo limepata makazi katika maandishi ya fizikia ya Kiswahili. Limetokana na chapuka, yaani kufanya upesi, na kwa kuanguka kwa nazi linafaa sana. Lakini dereva anapofunga breki, fizikia inasema kwamba gari lina mchapuko, na sikio la Mswahili linakataa. Sikio la Mrumi lingekataa pia, kwa kuwa accelerare ni kuharakisha, na kwa muda mrefu waandishi wa Kilatini walisema kwamba mwendo wa kupungua ni jambo jingine lenye jina lake, mpaka aljebra ilipoyaweka yote mawili chini ya neno moja na kuyatenga kwa alama. Mfano mgumu zaidi ni wa mpira uliorushwa juu wima. Katika kilele chake, kabla haujaanza kurudi, mpira una kasi ya sufuri, na mchapuko wake ni uleule uliokuwa nao ulipotoka mkononi na utakaokuwa nao utakapodakwa: takriban mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde, kuelekea chini.